Chakula cha asili cha Goma kiko wapi? Safari ya sambaza, fufu na fromaji

Msikilizaji wetu mmoja wa Ndosho alitutumia ujumbe wa sauti. Shangazi yake aliondoka Goma mwaka wa 1996 wakati wa vita, akaishi Kampala miaka yote hiyo, na sasa anakuja kutembelea ndugu. Amesema hataki kuku wa kuchoma wala wali wa kwenye sherehe. Anataka kula chakula cha asili cha Goma. Nimpeleke wapi? ndivyo alivyouliza msikilizaji wetu.

Nilijibu hewani palepale, kwa sababu swali lilionekana jepesi. Nilisema ampeleke Kituku, kando ya ziwa, amnunulie sambaza zikiwa bado zinang'aa, azikaange na kumpa na fufu. Nikaongeza, kwa sauti ile ya mtangazaji anayejiamini, kwamba hicho ndicho chakula cha mababu zetu.

Kipindi hakijaisha, simu ikalia. Ni mzee mmoja, mvuvi wa zamani. Hakunigombeza. Alinisalimia vizuri, akauliza habari za nyumbani, kisha akaniambia polepole kwamba babu yake alikufa bila kuonja sambaza hata moja, na si kwa umaskini: ziwani hazikuwamo. Nilishukuru, tukaweka muziki. Lakini jambo lile lilinikaa. Nimezaliwa hapa, nimekula sambaza tangu nilipoota meno, na sikujua zilitoka wapi. Nikaanza kuuliza na kusoma, na haya ndiyo niliyopata.

Tuanze na ziwa lenyewe. Zamani sana maji ya upande wetu yalielekea kaskazini. Volkano za Virunga zilipoinuka zikaziba njia, maji yakajaa, mwishowe yakapata mlango wa kusini na kushuka kwa mto Ruzizi hadi ziwa Tanganyika. Ruzizi una maporomoko makali. Kwa hiyo maji ya Kivu yanakwenda Tanganyika kila siku, lakini samaki wa Tanganyika hawawezi kupanda kuja kwetu. Halafu, kama tunavyoambiwa kila wanapozungumzia gesi, sehemu ya chini ya ziwa letu haina hewa ya kupumua. Kina kinafika karibu mita 485, lakini samaki wanaishi katika tabaka la juu tu. Ndiyo maana Kivu lilikuwa ziwa kubwa lenye samaki wachache. Kulikuwa na tilapia na aina nyingine ndogondogo, wengi wao wakikaa karibu na ukingo. Katikati ya ziwa, kwenye maji ya wazi, hakukuwa na samaki wa kula vile vijidudu vidogo vinavyoelea. Meza ilikuwa imeandaliwa na hakuna mgeni aliyeketi.

Wabelgiji waliliona jambo hilo. Kati ya 1958 na 1960, miaka ya mwisho ya ukoloni, afisa wao wa uvuvi aitwaye Collart alisimamia kazi ya kutoa vifaranga vya samaki Tanganyika na kuvimwaga Kivu, makumi ya maelfu. Zilikuwa aina mbili zilizochanganyika: ndagala yenyewe, na binamu yake mkubwa kidogo ambaye wanasayansi wanamwita Limnothrissa miodon. Ndagala hawakudumu. Binamu ndiye aliyeshika. Lakini uhuru ulifika 1960, Wabelgiji wakaondoka, vita vya waasi vikafuata, na kwa miaka mingi hakuna aliyejua kama vifaranga vile vilikufa au viliishi. Ni katika miaka ya 1970 ndipo watu walipotambua kwamba ziwa limejaa. Huyo ndiye tunayemwita sambaza.

Jamaa zake wengine walipelekwa mbali zaidi. Mwaka 1967 na 1968 walimwagwa katika ziwa Kariba, kati ya Zambia na Zimbabwe, na huko wanaitwa kapenta. Ukikutana na Mzambia anayesifu kapenta wa kwao, mwambie kwamba mnakula familia moja, na nyumbani kwao ni Tanganyika.

Mzee wangu wa simu anakumbuka jinsi uvuvi ulivyobadilika. Sambaza ni wadogo na wanakaa katikati ya maji, ndoano haiwafai. Kuanzia 1979, mradi wa PNUD na FAO uliokuwa Gisenyi, ng'ambo ya mpaka, ulieneza namna ya kuvua ambayo leo tunaiona kama ya kuzaliwa nayo: pirogi 3 zinafungwa pamoja kwa miti mirefu ya mikaratusi, wavu mpana unashushwa katikati, taa zinawashwa juu ya maji. Sambaza wanafuata mwanga, wavu unapandishwa. Jioni ukisimama ukingoni unawaona wakiondoka wakipiga kasia kwa pamoja na kuimba, na usiku ziwa linakuwa kama mji mwingine wenye taa zake. Wageni wanapiga picha wakidhani wanaona kitu cha miaka elfu moja. Umri wake haufiki hata wa mama yangu.

Nilipomweleza mama jambo hili alicheka, akasema kwamba chakula hakiulizwi kitambulisho. Lakini hapa kwetu, watu wanaulizana sana nani ni mwenyeji na nani ni mgeni, nani alifika lini, na wengine wamekufa kwa ajili ya swali hilo. Kwa hiyo si jambo dogo kwangu kujua kwamba samaki anayeitambulisha Goma alifika ndani ya bidoni, kutoka kwingine, bila kupenda.

Basi Kituku bado ni jibu zuri. Iko Kyeshero, soko na bandari kwa pamoja, na si pahali pa nguo nyeupe. Nenda mapema, pirogi zinapoingia. Sambaza zinauzwa kwa kipimo cha kopo au bakuli, na mama muuzaji mzuri anakuongezea kidogo juu ya kipimo bila kuombwa. Asipoongeza, nenda kwa jirani yake. Zile nzuri macho yake ni maangavu na mgongo unang'aa. Ukirudi nyumbani unaziosha, unatia chumvi, unakausha maji, unazikaanga katika mafuta yenye moto wa kutosha mpaka zilie zikivunjwa. Zinaliwa nzima, kichwa na mkia. Wengine wanazipika na nyanya na vitunguu, wengine katika mawese, na hapo ugomvi wa familia unaanza. Mimi ni wa zile kavu na pilipili. Jioni, katika mitaa mingi, utawakuta akina mama wenye sufuria na makala barabarani wakiuza zilizokaangwa tayari, ndani ya kipande cha karatasi.

Siwezi kuandika Kituku na kutaja samaki tu. Mwanzoni mwa 2024 vita vilipofunga barabara ya Sake na Minova, karibu vyakula vyote vilivyokuwa vikija Goma kwa gari vilianza kuja kwa maji. Ndizi, maharagwe, muhogo, mboga, na akina mama wenye mizigo yao, wote katika boti. Tarehe 3 Oktoba 2024 boti iitwayo Merdi ilitoka Minova ikiwa imejaa kupita kiasi, na ilizama ikiwa imekaribia kabisa kufika, watu wa Kituku wakitazama. Wengi walikufa. Wengi wao walikuwa wafanyabiashara wadogo, watu wanaotuletea tunachokula. Nilikuwa ukingoni siku ile na kinasa sauti, na sikukiwasha. Tangu hapo, nikiona ndizi za Minova sokoni, siulizi bei kwa ukali kama zamani.

Sasa fufu. Huyu naye tunamwita wa asili, na hapa tunasema fufu au bugali kama tunavyotaka, unga wa muhogo au wa mahindi, mara nyingi vyote viwili vimechanganywa. Muhogo na mahindi vyote vilitoka Marekani ya Kusini na ya Kati. Wareno walivileta pwani ya Kongo katika karne ya 16, vikasafiri ndani polepole, mkono kwa mkono. Maharagwe, ambayo bila hayo hakuna mtoto wa Kivu aliyekua, nayo yalitoka bara lilelile. Viazi vya Kibumba na Masisi vililetwa na Wazungu. Mababu wa mababu walikula mtama, ulezi, ndizi na majimbi, na hata ndizi zilikuwa zimetoka Asia, ingawa zilifika zamani sana. Ukitaka kuonja kitu kilichobaki cha meza ile ya kwanza, tafuta uji wa ulezi au wa mtama asubuhi, au kikombe cha kasiksi, pombe yetu ya ndizi, kwa mtu anayejua kuitengeneza. Kwa shangazi wa miaka 60 na zaidi, uji ni salama.

Sombe ndiyo ninayoweza kuiita ya kwetu bila woga. Muhogo ulitoka mbali, lakini kutwanga majani yake, kuyachemsha muda mrefu mpaka ukali utoke, kutia mawese na vitunguu, hiyo ni akili ya Afrika. Sombe haitaki haraka, na leo inataka makala mengi. Makala yetu mengi yanatoka msitu wa Virunga, na bei yake inapanda kila barabara inapofungwa. Hivyo katika nyumba nyingi sombe imekuwa chakula cha Jumapili, na siku za kazi ni lenga-lenga, inayoiva haraka.

Kuhusu lenga-lenga nataka kusema neno kwa ndugu waliokuwa kambini. Mwishoni mwa 2022 vita vilipofika Rutshuru, watu wa Kibumba na vijiji vya juu walikimbilia Kanyaruchinya. Baadaye Bulengo, Lushagala na Rusayo zikajaa watu wa Masisi. Wengi wao ni wakulima, watu waliokuwa wakitulisha sisi wa mjini. Kabichi, karoti na viazi vya soko la Virunga vilitoka kwenye mashamba yao. Ghafla wao wakawa wanapanga foleni ya unga, maharagwe, mafuta na chumvi, na hema zao zilikuwa juu ya mawe ya volkano ambapo hata mwiba unaota kwa shida. Nilikutana na mama mmoja wa upande wa Kitchanga aliyekuwa amejaza udongo katika gunia lililochanika, udongo alioubeba kwa beseni kutoka mbali, akapanda lenga-lenga. Gunia moja tu. Nilimuuliza linatosha watu wangapi. Akasema halitoshi hata mmoja, lakini watoto wake wadogo walikuwa wamesahau mboga inaotaje.

Kambi hizo zilifungwa Februari 2025, watu wakatawanyika, wengine wakarudi kukuta mashamba yamekuwa pori, wengine wako katika nyumba za jamaa humu mjini. Sijui gunia lile liliishia wapi.

Birere ni sura nyingine. Ndiyo mtaa wa biashara karibu na mpaka mdogo, na ndiko utakuta makayabu, yule samaki wa chumvi, na tomsoni wa barafu ambaye ametoka bahari ya mbali, hata Namibia. Mgeni akiambiwa kwamba kando ya ziwa tunakula samaki wa baharini anashangaa. Hesabu ni rahisi. Ziwa letu halitoshi watu tulivyo wengi, na tomsoni mmoja mkubwa katika mchuzi analisha nyumba nzima. Mimi ningemwacha shangazi aonje tomsoni wa mchuzi kwa malewa wa Birere, kwa sababu ndicho chakula ambacho fundi, dereva wa pikipiki na msukuma chukudu wanakula mchana. Sahani inajaa fufu, samaki kipande, sombe au maharagwe pembeni, maji ya kunawa yanaletwa kwanza. Ukiona foleni ya wasukuma chukudu, kaa hapo. Watu wale hawapotezi franka zao.

Birere ninayoijua mimi si ile aliyoiacha shangazi. Tarehe 17 Januari 2002 Nyiragongo ilipasuka, moto ukashuka ukapita katikati ya mji hadi ziwani, ukafunika maduka, nyumba, kanisa kuu, na sehemu ya uwanja wa ndege. Nilikuwa mtoto wa shule ya msingi. Usiku ule tulikimbia kwa miguu kwenda Gisenyi pamoja na maelfu ya watu, na mama alikuwa amebeba mdogo wangu mgongoni na sufuria kichwani, sufuria ikiwa bado na maharagwe yaliyokuwa jikoni. Tuliyala barabarani, ya vuguvugu, nusu yake hayajaiva. Watu walirudi baada ya siku chache, mawe yakiwa bado ya moto, na jambo la kwanza lililoonekana juu ya mawe yale lilikuwa akina mama wenye makala na sufuria, wakiuza. Nyumba zilijengwa baadaye. Kwa hiyo sahani unayokula Birere leo, chini yake kuna mita za mwamba, na chini ya mwamba kuna Birere nyingine.

Fromaji nimeiacha nyuma kwa makusudi, maana ndiyo inayoshangaza wageni kuliko zote. Jibini la Masisi, duara la njano, linalofanana na lile la Uholanzi. Milima ya Masisi ni baridi, majani ni mazuri, na ng'ombe wa maziwa waliwekwa huko katika mashamba makubwa ya Wazungu. Ujuzi wa kugandisha maziwa na kuyakamua katika kalibu uliletwa na mapadre wa kutoka Ulaya na wakulima wao. Mwaka 1973 Mobutu alipotangaza kwamba mashamba ya wageni yachukuliwe na Wazairwa, wenye mashamba walibadilika, lakini fromaji ikabaki, kwa sababu waliokuwa wakiitengeneza kwa mikono walikuwa vijana wa hapohapo. Katika vita vya miaka ya 1990 ng'ombe waliuawa na kuporwa kwa makundi. Watu wakaanza upya na ng'ombe mmoja mmoja. Mpaka juzi fromaji iliteremka kwa pikipiki kutoka milimani, nyingine ikapakiwa ndege kwenda Kinshasa, ambako wanaiita fromaji ya Goma. Uwanja wetu wa ndege ulifungwa mwishoni mwa Januari 2025, na mtengenezaji aliyekuwa akiuza Kinshasa akabaki na soko la watu ambao hata benki zao zilikuwa zimefungwa. Ukiipata, nunua. Kipande na ndizi mbivu, au na viazi vya kuchemsha. Shangazi atakumbuka.

Kuna kitu kimoja ambacho pengine atauliza na hatapata kirahisi: samaki wa Vitshumbi. Watu wa umri wake wanakumbuka tilapia wakubwa wa ziwa Edward, wabichi au wa moshi, waliokuja Goma kwa barabara ya Rutshuru. Ziwa lile lilikuwa na samaki wengi kwa sababu, tusione aibu kusema, lilikuwa na viboko wengi, na mavi ya kiboko ndiyo mbolea ya maji. Katika miaka ya 1970 viboko wa mbuga ya Virunga walikaribia 30,000. Vita na wawindaji viliwamaliza hadi chini ya 1,000 katikati ya miaka ya 2000, na wavuvi wakaona nyavu zao zikirudi nyepesi. Viboko wameanza kuongezeka tena. Barabara ndiyo tatizo.

Ziwa letu nalo tusilichoke. Wavuvi wa Kituku wananiambia kwamba kopo la sambaza linapatikana kwa taabu kuliko zamani, na kila mtu anajua sababu moja: wanaovua kwa kitambaa cha chandarua wanakamata hata vifaranga. Tena, tangu 2006 ameonekana samaki mwingine wa Tanganyika ndani ya Kivu, mwembamba, mwenye kumeta, ambaye hakuna serikali iliyomleta kwa barua. Anagombania chakula kilekile na sambaza. Wengine sokoni tayari wanamuuza, na wateja wanamgeuzageuza wakimkagua, kama mzee wangu anavyosema walivyofanya kwa sambaza wakati ule.

Basi, ndugu msikilizaji wa Ndosho, hili ndilo jibu langu la pili, na ninaomba radhi kwa la kwanza. Siku ya kwanza, uji wa ulezi nyumbani, apumzike na safari. Mchana umpeleke Birere, fufu na mchuzi wa tomsoni, umwonyeshe mwamba ulipopita. Jumapili umpikie sombe wewe mwenyewe, usinunue; sombe ya kununua ina haraka ndani yake. Fromaji itafute soko la Virunga, na uionje kabla ya kulipa. Sambaza iwe ya mwisho, Kituku, asubuhi. Lakini kabla ya kupanga siku, tazama juu. Mwezi ukiwa mpevu, taa za wavuvi hazina nguvu, sambaza wanatawanyika, na pirogi nyingi zinabaki ukingoni zikikaushwa. Mzee wa simu ndiye aliyenikumbusha, alipopiga mara ya pili. Mwambie shangazi aje mwezi ukiwa haujatoka.